Boti haichaji au betri inakwisha: msake mkosaji kabla ya kununua alteneta

Boti ikigoma kuwaka, lawama ya kwanza huangukia betri. Betri mpya ikinunuliwa na shida ikarudi baada ya muda mfupi, lawama huhamia kwa alteneta, kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri. Wakati wote huo mkosaji halisi bado yumo ndani ya chombo: nati iliyolegea, kichwa cha waya kilicholiwa na chumvi, mkanda unaoteleza, au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye injini) iliyofungwa juu ya rangi. Msimamo wangu katika jambo hili hauyumbi: usinunue kitu chochote mpaka mita ikuonyeshe volti zinapotelea wapi. Kwenye maji ya chumvi maungio huharibika mapema kuliko vifaa, na ungio bovu lina tabia moja mbaya. Huonekana zima mpaka siku linapobebeshwa mzigo.

Vifaa vinavyotakiwa ni vichache. Mita ya dijiti, spana, brashi ya waya, msasa, na haidromita (kipimo cha uzito wa asidi ya betri) kama betri zako zina vifuniko vya kuongezea maji. Ukipata mita ya kubana waya inayopima ampea za DC, kazi itakwenda haraka zaidi. Namba zote hapa ni za mfumo wa volti 12 wenye betri za risasi na asidi. Kwenye mfumo wa volti 24 zidisha volti za betri mara mbili.

Jambo moja kuhusu usalama, nalo silipitii juujuu. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifikia asilimia 4 ya hewa iliyomo chumbani, cheche moja inatosha kuilipua. Fungua mifuniko ya chumba cha injini hewa ipite. Vua pete na saa ya chuma. Unapofungua nyaya anza na hasi, na unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukifanya hivyo, hata spana ikiteleza kutoka nguzo ya chanya na kugusa injini hakuna shoti. Kama injini ni ya petroli, nusa ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo, kabla ya kugusa chochote. Na alteneta ya gari usiifunge kwenye boti ya petroli hata kama matundu yake yanaingiana, kwa sababu haikutengenezwa kuzuia cheche zake zisifikie mvuke wa mafuta.

Namba za kuanzia

Betri ya volti 12 ina seli 6, kila moja kama volti 2.1. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, mita itasoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 imekwisha. Angalia ulivyo mdogo umbali kati ya kujaa na nusu: nusu ya volti tu. Ndiyo maana mita ya mshale iliyo kwenye dashibodi haikusaidii kitu hapa.

Betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi hudanganya. Itasoma 13 au zaidi hata kama ni mbovu. Iache ipumzike, au washa taa kwa dakika chache halafu uzime ndipo upime.

Injini ikiwa inanguruma kwa resi za wastani, kwenye nguzo za betri unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona namba ileile uliyoiona injini ikiwa imezimwa, hakuna chaji inayofika. Ukiona zaidi ya 14.8 na haishuki, kuna chaji iliyopitiliza, na hilo lina sehemu yake huko chini.

Dalili: stata inagonga mara moja tu, au inazungusha injini kwa uvivu

Weka ncha za mita juu ya nguzo zenyewe za betri, yaani kwenye ile risasi, si kwenye kibano kilichoishika. Mtu mwingine ajaribu kuwasha. Sasa soma.

Volti zikishuka chini ya 9.6, ama betri imekwisha, ama imechoka, ama stata, ile mota inayozungusha injini iwake, imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Ichaji betri mpaka ijae, ipumzishe, kisha urudie. Kama baada ya kuchajiwa vizuri inatulia kwenye 10.5 hivi, seli moja imekufa na hakuna dawa. Haidromita huthibitisha: seli nzima zilizojaa husoma karibu 1.265, na seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, hiyo ndiyo iliyoangusha betri nzima.

Lakini kama betri imebaki kwenye 12.3 huku stata ikigonga tu, betri haina hatia. Umeme haupiti. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu wanapima waya ukiwa hauna mzigo, wanaona volti 12 kamili mwisho wa waya, wanaamini waya ni mzima. Waya uliobakiwa na nyuzi tatu utasoma volti 12 bila shida yoyote. Uambie sasa upitishe ampea za stata, na hautaweza.

Kwa hiyo pima wakati stata inajaribu kuzunguka. Ncha moja ya mita iwe juu ya nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye boliti ya umeme mkubwa ya stata. Njia nzima ikiwa safi, mita haitazidi 0.5. Kisha upande wa hasi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye mwili wa stata. Hapo isizidi 0.3. Upande unaozidi ndio wenye ugonjwa.

Upande wa hasi husahaulika mno. Waya wa ethi unafungwa kwenye injini, injini inapakwa rangi, chini ya kichwa cha waya kunaota kutu, na hakuna anayeutazama tena. Ethi ikifa kabisa umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na wakati mwingine huipata kupitia kebo ya chuma ya gia au ya mafuta. Ukigusa kebo ya mafuta baada ya kujaribu kuwasha na ukakuta ina joto, umeshajua pa kuanzia.

Dalili: taa ya chaji inafanya mambo yasiyo ya kawaida

Hii taa ndogo yenye alama ya betri si ya kukupa habari tu. Kwenye alteneta nyingi, umeme mdogo unaopita katika taa hiyo kwenda sehemu iliyoandikwa D+ ndio unaoiamsha rota, sehemu inayozunguka ndani yake, iwe sumaku. Taa ikiungua, alteneta hubaki imelala.

Ukifungua ufunguo na taa haiwaki, basi balbu imeungua, au waya wa D+ umekatika, au ndani ya alteneta brashi za kaboni zimekwisha na hazigusi tena rota. Kutofautisha ni rahisi. Chomoa waya mwembamba wa D+ kwenye alteneta, hakikisha mara mbili kwamba ndio wenyewe na si ule mnene wa B+ unaopeleka chaji kwenye betri, kisha ufunguo ukiwa umefunguliwa uguse kwenye chuma cha injini. Taa ikiwaka, waya na balbu ni vizima, na tatizo liko ndani ya alteneta. Isipowaka, tatizo liko kati ya dashibodi na hapo uliposimama.

Kuna hali inayowachanganya hata mafundi. Alteneta haichaji mara injini inapowaka, lakini ukipiga resi za juu inaamka na kuendelea kuchaji vizuri hadi injini izimwe. Rota ina mabaki ya usumaku, na kasi ikiwa kubwa mabaki hayo yanatosha kuianzisha. Alteneta ni nzima. Tazama taa, hasa kama kuna mtu aliyebadilisha balbu ya zamani akaweka ya LED. LED hupitisha umeme mdogo mno kuamsha rota. Rudisha balbu ya wati 2 au 3, au mwombe fundi afunge rezista sambamba na LED.

Taa ikiendelea kuwaka injini inanguruma, tazama mkanda kwanza. Kisha brashi na regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za alteneta. Taa ikififia tu, haizimi wala haiwaki sawasawa, shuku diodi (kilango kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyokufa ndani ya alteneta, au waya wa B+ unaopoteza volti nyingi njiani. Kipima resi kikianza kurukaruka au kikalala sifuri huku injini inaendelea, usikimbilie kukibadilisha, kwa kuwa kwenye injini nyingi za dizeli husoma resi kutoka kwa alteneta yenyewe, kupitia sehemu iliyoandikwa W. Kikifa ghafla, jambo la kwanza ni kupima kama bado unachaji.

Dalili: alteneta inachaji, betri hazijai

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Kwanza tazama mkanda. Vumbi jeusi kuzunguka puli na juu ya alteneta ni mpira uliosagika kwa kuteleza. Mlio mkali mara injini inapowaka, unaoisha baada ya dakika chache, ni mkanda unaoshindwa wakati betri inavuta chaji nyingi. Bonyeza katikati ya sehemu ndefu kwa kidole gumba: ukizama zaidi ya milimita 12 hivi, kaza. Usikaze kupita kiasi, bearingi za alteneta na za pampu ya maji ndizo zitakazolipa. Injini ikiwa imezimwa, mambo yote haya. Mkanda unaozunguka hauna huruma na vidole.

Mkanda ukiwa mzuri, washa injini, weka resi za wastani, washa mizigo mikubwa kama friji na taa zote, kisha pima sehemu mbili: kwenye alteneta yenyewe, kati ya B+ na mwili wake, halafu kwenye nguzo za betri. Tuseme alteneta inasoma 14.3 na betri inasoma 13.4. Volti 0.9 zimepotea njiani. Alteneta inafanya kazi yake, betri inalala njaa, na ukinunua yoyote kati ya hizo mbili hutapata nafuu.

Zifuate volti hizo. Ncha moja kwenye B+, nyingine kwenye nguzo ya chanya ya betri: 0.75. Mwili wa alteneta hadi nguzo ya hasi: 0.15. Kwa hiyo sehemu kubwa iko upande wa chanya. Endelea kipande kwa kipande. Kutoka B+ hadi swichi kuu, 0.05. Kuvuka swichi, 0.10. Kutoka swichi hadi kishikio cha fyuzi, 0.05. Kuvuka kishikio cha fyuzi, 0.55. Umempata. Kwa macho kishikio kilikuwa kizuri na nati zake zimekaza. Zima injini, kata umeme, kifungue, na chini ya kipete cha nati (washa) utakuta utando wa kijani na kahawia, na plastiki iliyobadilika rangi kwa joto. Ampea 40 zikipita hapo na kuacha volti 0.55, zinaacha zaidi ya wati 20 za joto katika sehemu ndogo kama ncha ya kidole. Ndivyo moto unavyoanza kwenye boti.

Wakati mwingine ugonjwa umejificha ndani ya waya. Chubua ganda sentimita chache kutoka kwenye kichwa cha waya. Shaba nzima hung'aa. Iliyonyonya maji ya chumvi ni nyeusi, na nyuzi zake huvunjika ukizikunja kwa ukucha. Waya kama huo hausafishwi. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, na kama weusi unaendelea, toa waya wote. Weka waya wa boti uliopakwa bati, kichwa kilichobanwa kwa koleo la kazi hiyo, na mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kusokota nyuzi na kuzungushia tepu hakudumu kwenye maji ya chumvi.

Kama kuna kigawanyaji cha diodi kinachogawa chaji kati ya betri ya kuwashia injini na ile ya matumizi mengine ya chomboni, kumbuka chenyewe kinakula kama volti 0.7. Si ubovu, ndivyo diodi zilivyo. Lakini alteneta ikisoma volti kwenye kiwiliwili chake, betri itapata 13.6 na haitajaa kamwe. Suluhisho ni waya wa kuhisi unaotoka kwenye betri hadi kwa regyuleta, kama alteneta inaukubali, au kubadilisha kigawanyaji hicho kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayofunga yenyewe volti zikifika kama 13.3 na kuachia zikishuka hadi kama 12.8. Rilei nayo hupimwa kwa njia ileile: ikiwa imefunga, pande zake mbili zisitofautiane.

Halafu kuna matarajio yasiyo sahihi. Alteneta iliyoandikwa ampea 60 haitoi 60 injini ikiwa inanguruma polepole gatini. Hutoa sehemu ndogo tu, na ikipata joto hupungua tena. Betri nayo hupokea haraka mpaka kama asilimia 80, kisha asilimia 20 za mwisho huingia kidogokidogo kwa saa nyingi. Anayekaa nanga wiki nzima akiendesha injini saa moja kwa siku anaziacha betri zake nusu tumbo kila siku, na risasi ndani yake hugeuka salfeti ngumu isiyorudi tena. Betri hizo zitafika 14.4 haraka sana zikichajiwa na kuisha haraka sana zikitumika. Hapo ni betri kweli. Paneli ndogo ya sola ingeziokoa.

Dalili: umelala betri imejaa, umeamka imekwisha

Zima kila kitu. Chomoa waya wa hasi wa betri, weka mita kwenye ampea, kati ya waya na nguzo. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaiunguza papo hapo. Miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, kitu cha kuvumilika. Nusu ampea ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 100 itafika nusu baada ya siku 4 na kitu. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ianguke.

Isipoanguka, tafuta vile vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Pampu ya ngama iko hivyo kwa makusudi, na swichi yake ya kuelea ikikwama kwa uchafu pampu itazunguka kavu usiku kucha. Isafishe, ijaribu kwa mkono, lakini usihamishe pampu hiyo upande wa pili wa swichi kuu ili kuokoa betri. Ndiyo inayozuia chombo kuzama wakati hakuna mtu. Tazama pia nyaya zake: ungio lililolala ndani ya maji ya ngama huvujisha umeme majini, na umeme huo hutafuna vyuma vya boti kwa kasi ya kutisha. Vipande vya zinki, vile vilivyofungwa ili viliwe badala ya vyuma vya boti, vikiisha ghafla kuliko kawaida, umeme unavuja mahali.

Mkosaji mwingine hujificha ndani ya alteneta. Asubuhi, kabla ya kuwasha, iguse. Ikiwa na uvuguvugu wakati injini ni baridi, diodi imevunjika na umeme unarudi nyuma. Thibitisha injini ikiwa inanguruma: geuza mita kwenye AC, pima nguzo za betri. Zaidi ya 0.5 ni dalili ya diodi mbovu. Mara nyingi utasikia pia mvumo ndani ya redio unaopanda na kushuka na resi.

Dalili: harufu ya mayai viza, betri ya moto, balbu zinaungua

Zima injini na chaja kwanza, maswali baadaye. Fungua hewa, na usiwashe wala kuzima kitu kingine karibu na betri mpaka harufu iishe. Chaji imepitiliza. Ikiwa volti zilizidi 14.8, regyuleta imekufa, au waya wake wa kuhisi umekatika na inadhani betri ni tupu. Ikiwa volti zilikuwa za kawaida lakini betri moja kati ya mbili zilizounganishwa ina joto, betri hiyo ina seli yenye shoti, na inanyonya chaji yote bila kufika mwisho. Ikishapoa itenge leo hii, usingoje safari imalizike. Betri za jeli zina kikomo cha chini zaidi, kama 14.1 au 14.2, chaja iliyopangwa kwa betri za maji inaziua taratibu.

Swichi kuu na betri za lithiamu

Usigeuze swichi kuu hadi kuzima injini ikiwa inanguruma. Alteneta inayotoa umeme ikikosa betri ghafla hurusha volti za juu kwa muda mfupi mno, na muda huo unatosha kuua diodi zake, pamoja na redio na GPS. Kama alteneta yako ilikufa baada ya mtu kugusa swichi hiyo, sababu umeshaipata, na alteneta mpya itakufa vilevile kama mabaharia wote chomboni hawatajua.

Lithiamu huleta hatari hiyohiyo bila mkono wa mtu. Kifaa chake cha ulinzi kinaweza kujikata chenyewe katikati ya chaji. Zaidi ya hapo, lithiamu hupokea kila ampea inayotolewa, kwa hiyo alteneta ya kawaida hufanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima hadi koili zake ziungue. Anayebadilisha betri za risasi kwa lithiamu bila kugusa kitu kingine, kisha akaona alteneta inanuka vanishi iliyoungua, asiitengeneze na kuirudisha vilevile. Aiache alteneta ichaji betri ya risasi ya kuwashia injini, na lithiamu ipate chaji yake kupitia chaja ya DC kwenda DC yenye kikomo cha ampea.